Sifa za King'ora Kinacholia Bure

Wahenga wa pwani waliposema kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, waliifunga sauti ya pembe na sababu yake kwa fundo moja, hata msikilizaji asiwe na haja ya kuuliza kama kuna jambo bali aulize tu ni jambo gani. Mbiu ni pembe ya mnyama ipulizwayo kukusanya watu, na mgambo ni tangazo la hadhara lenye kuwaita kwenye shughuli ya pamoja. Kwa fundo hilo chombo chochote kinacholia pasipo jambo kimekwisha kuhukumiwa kabla ya kusikilizwa, na hakuna kilichodhulumiwa na hukumu hiyo kuliko king'ora cha majaribio, yaani ile honi kubwa ya juu ya nguzo inayolizwa kwa makusudi siku ambayo hakuna moto, mafuriko wala moshi wa sumu, ili wenye nayo wajue kama ingali inalia. Huamsha watoto, hutia mbwa wazimu, humkatiza mzee maneno yake barazani, na kikinyamaza hakiombi radhi. Makala haya yanakusudia kukisifu.

Anayesifiwa huanziwa nasaba, na nasaba ya king'ora si duni. Mwaka 1819 Mfaransa Charles Cagniard de la Tour alitengeneza chombo cha kupimia sauti akakipa jina la wale wanawake wa baharini wa ngano za Kiyunani, kwa sababu kiliweza kulia hata ndani ya maji. Kinavyofanya kazi ni rahisi kueleza: sahani yenye matundu huzunguka mbele ya nyingine yenye matundu, hewa ikapita matundu yanapokutana na kuzibwa yanapopishana, na mapigo hayo ya hewa ndiyo sauti yenyewe. Matundu 10 yakizunguka mara 46 kwa sekunde huikata hewa mara 460, na sikio likasikia sauti ya hezi 460, hezi moja ikiwa ni pigo moja kwa sekunde. Kwa kuwa mota haifikii kasi yake kwa mkupuo mmoja, king'ora cha aina hiyo huanza kwa mguno, kikapanda hadi kilio, na umeme ukikatwa kikashuka polepole kama mzee anayetafuta kiti kwa mkono. Pwani ya Waswahili nayo ina siwa, baragumu kubwa za watawala, ile ya Lamu ikiwa ya shaba na ile ya Pate ya pembe ya ndovu, ambazo zilipulizwa kwenye sherehe na harusi za wakubwa bila hatari yoyote kuwapo, wala haikusikika kwamba siwa imelia bure, kwa maana harusi ya mwungwana ni jambo. King'ora cha majaribio kinatofautiana na siwa kwa hili tu, kwamba hakuna anayekialika.

Makao yake ya heshima ni jirani ya vinu vya nyuklia. Baada ya ajali ya kinu cha Three Mile Island nchini Marekani, tarehe 28 Machi 1979, kanuni za nchi hiyo zilitaka wakazi wa eneo la kilomita zipatazo 16 kuzunguka kila kinu waweze kupewa ishara ndani ya dakika 15, na nguzo za ving'ora zikaota mashambani kama minazi isiyozaa. Wataalamu hutofautisha majaribio ya namna tatu: la kimya, ambapo mawasiliano hukaguliwa bila sauti kutoka, la mguno, ambapo mota huwashwa kitambo kidogo na kuzimwa kabla sauti haijapanda, na jaribio kamili, ambapo king'ora hulia dakika kadhaa mfululizo. Mawili ya kwanza ni majaribio ya waungwana, hayamsumbui mtu, na kwa sababu hiyo hayastahili sifa yoyote hapa, kwani huthibitisha kwamba waya ni mzima bila kuthibitisha kwamba jirani amesikia. Anayeona kero hiyo ni kubwa mno anaweza kuutazama mji wa Pripyat, uliokuwa na wakazi wapatao 49,000 kilomita chache kutoka kinu cha Chernobyl. Kinu kililipuka usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 26 Aprili 1986. Asubuhi yake watoto walikwenda shule, na amri ya kuhama ikatangazwa kesho yake, yapata saa 36 baada ya mlipuko. Hakuna mtoto wa Pripyat aliyekatizwa usingizi.

Barani Afrika kinu pekee cha umeme wa nyuklia kinachofanya kazi ni Koeberg, kaskazini ya Cape Town, ambacho kiliingizwa katika gridi mwaka 1984. Huko wakazi hutangaziwa mapema siku na saa ya kulizwa ving'ora kwa sauti kamili, wakaambiwa kwamba hawatakiwi kufanya lolote, na pengine hilo ndilo agizo la serikali linalotekelezwa na raia wote bila kubakiza. Ulaya imelifanya jambo hili kuwa ibada ya kalenda: Ufaransa hukiliza saa sita mchana Jumatano ya kwanza ya mwezi, Uswisi Jumatano ya kwanza ya Februari saa saba na nusu, na Waswidi wamefika mahali pa kukipa jina la mtu, Hesa Fredrik, maana yake Fredrik aliyepwelewa sauti, kwa kumbukumbu ya mwandishi wa magazeti Oscar Fredrik Rydqvist, aliyekuwa na mafua king'ora kilipoanza kulizwa mwaka 1931. Kero iliyopewa jina imekwisha kuwa ndugu.

Wapinzani hawakosi kukimbilia hadithi ya kijana mchungaji aliyepiga kelele za uongo hata mnyama alipokuja kweli asisaidiwe. Hadithi ni nzuri ila haihusu, maana kosa la kijana yule lilikuwa kutotoa ratiba. Uongo unaotangazwa siku saba kabla, ukatajiwa saa yake na ukakoma kwa wakati, hauna wa kumdanganya. Mfano wa kijana huyo unapatikana Dallas, Marekani, ambako usiku wa tarehe 7 Aprili 2017 mtu asiyeruhusiwa aliviliza ving'ora vyote 156 vya jiji na simu za dharura zikafurika. Huo si jaribio, ni mnyama mwenyewe. Kwa upande mwingine Ujerumani ililiza vyake nchi nzima tarehe 10 Septemba 2020, ujumbe wa simu ukachelewa, miji mingi ikagundua kwamba ving'ora vyake viling'olewa tangu Vita Baridi vilipokwisha, na serikali ikakiri kwamba zoezi limeshindwa. Hakuna jaribio lililofaulu kuliko hilo, kwa kuwa liligundua uziwi wa taifa siku ambayo uziwi haukumuua mtu.

Liko jambo moja tu ambalo msifuji hawezi kulipita kwa mzaha. Kisiwani Maui, Hawaii, ving'ora vipatavyo 80 hulizwa mwanzoni mwa kila mwezi, lakini tarehe 8 Agosti 2023, moto ulipouteketeza mji wa Lahaina na kuua watu wapatao 100, hakuna hata kimoja kilicholizwa. Mkuu wa idara ya dharura alijitetea kwamba watu wamezoea kukihusisha king'ora na tsunami, yaani mawimbi makubwa yatokanayo na tetemeko la chini ya bahari, hivyo wangekimbilia mlimani, kuliko na moto. Utetezi huo, kama ni wa kweli, unaonyesha kwamba jaribio huzoeza masikio likaiacha miguu bila elimu. Sauti ilijulikana, njia haikujulikana. Ni dosari ya kweli, na sifa zinazofuata zisomwe pamoja nayo.

Tukirudi pwani yetu, Mtwara, kusini mwa Tanzania, haina kinu cha nyuklia, wala pwani yote ya Waswahili. Mpango wa Kenya wa kukijenga Uyombo, Kilifi, ulipokewa na wakazi kwa maandamano mwaka 2024. Mtwara ina gesi ya Mnazi Bay, iliyogunduliwa mwaka 1982, na kiwanda cha kuichakata cha Madimba, na zaidi ya hayo ina bahari. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko la Sumatra lilitokea kabla ya alfajiri kwa saa za Afrika Mashariki, na mawimbi yakachukua saa nyingi kuvuka Bahari ya Hindi, muda ambao ungemtosha mpuliza pembe mwenye pafu moja kuitahadharisha pwani nzima. Pembe haikulia, na Dar es Salaam watu kadhaa waliokuwa wakiogelea walipoteza maisha. Kusini kuna kumbukumbu ya zamani zaidi, ya kimbunga kilichoipiga Lindi Aprili 1952.

Kisha likaja jaribio kubwa kuliko yote, ambalo halikupangwa na mtu. Aprili 2019, wiki sita baada ya kimbunga Idai kuibomoa Beira nchini Msumbiji, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitahadharisha kwamba kimbunga Kenneth kinaelekea mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Alhamisi tarehe 25 shule na ofisi za Mtwara zilifungwa, na wakazi wakaelekezwa kwenye sehemu za usalama. Jioni kimbunga kiliingia nchi kavu Cabo Delgado, kaskazini ya mji wa Pemba, ambao si Pemba ya karafuu, kwa upepo wa takriban kilomita 220 kwa saa. Msumbiji ilizika watu zaidi ya 40, na Mtwara ikarudi nyumbani. Kurudi nyumbani salama na kusema "tumesumbuliwa bure" ni haki ya kila raia, ingawa Mmakonde wa Mtwara, mwenye ndugu ng'ambo ya mto Ruvuma, alijua vizuri bure hiyo imelipwa na nani.

Mpapura, kata ya Wilaya ya Mtwara, ni mahali pazuri pa kupimia kama sifa hizi zina uzito. King'ora chenye nguvu ya desibeli 120, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti, hupimwa hivyo mita 30 kutoka kwenye nguzo. Wapangaji wa mipango ya dharura wa Marekani hukadiria kwamba hupungua desibeli 10 kila umbali unapoongezeka maradufu, kwa hiyo karibu na kilomita moja hubaki 70, sawa na kelele za sokoni. Nguzo moja isingemfikia mkulima aliye katikati ya mikorosho msimu wa kupulizia salfa, mashine ikiwa mgongoni inanguruma karibu na sikio, unga wa njano ukimganda kwenye nyusi na leso imemfunga pua na kinywa. Mtu huyo hupata habari kwa gari la matangazo, kwa spika ya msikiti, kwa simu aliyoiacha nyumbani ikichajiwa. Wapiga ngoma za daku ndio waliobaki na ujuzi wa kuamsha kijiji kizima nyumba kwa nyumba, usiku wa manane, kwa kelele ambayo kila mtu anailaani na kila mtu anaifuata.

Na katika shule za msingi za vijiji kama hivyo huning'inia mtini ringi la lori, limeliwa na kutu pembeni na kung'aa mahali pamoja tu, pale linapogongwa kwa nondo asubuhi, mapumziko na jioni. Mlio wake ni mkavu, huanza juu bila mguno, na hukaa hewani kidogo baada ya nondo kuondoka. Mara kwa mara mwanafunzi mtundu huligonga saa isiyo yake, darasa likatoka mbio, mwalimu akasimama mlangoni na chaki mkononi, na aliyegonga akapewa adhabu ya kufagia uwanja, jirani wote wakiwa wamehakikishiwa, bila gharama yoyote kwa halmashauri, kwamba ringi linasikika hadi ng'ambo ya barabara.