Sifa za Mashine ya Rili

Asifuye mvua imemnyea. Mvua yangu mimi ina uzito wa kilo 18, ina rili mbili usoni kama macho ya bundi, na imekaa juu ya meza ambayo zamani tulikuwa tunalia chakula. Ni tepurekoda ya rili, ile ya enzi za kabla kaseti hazijaenea, iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani. Leo nataka kuitolea sifa zake hadharani, maana nyumbani kwangu hakuna mwingine aliyejitolea kufanya hivyo.

Kwanza, huipati kwa tabu. Jirani yangu alikuwa akigawa vitu vya marehemu baba yake. Nikauliza bei kwa woga. Akataja bei ya kuku wawili, akamwita kijana wa mkokoteni, akamlipa yeye mwenyewe, kisha akaniongezea boksi la tepu kumi na moja. Muuzaji anamlipia mnunuzi mkokoteni! Mwenye akili angejiuliza. Mimi nilimshukuru, naye akanishukuru zaidi.

Mashine hii ina heshima zake, haili umeme wa kila mtu. Inataka volti 120, na za ukutani kwangu ni 230, kwa hiyo nilinunua transfoma, ambayo nayo ikadai kiti chake. Nikaweka tepu ya jazi iliyorekodiwa Marekani. Ala zikaanza, polepole kidogo, kisha mwanamke akaimba kwa sauti ya mwanamume aliyeamshwa usiku wa manane.

Fundi redio mmoja mzee wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, alicheka mpaka akavua miwani. "Volti umezishusha, kijana wangu," akasema, "lakini mzunguko wa umeme ni ule ule wa kwetu." Umeme wa Marekani huzunguka mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50, na mota ya namna hii hutii mzunguko, haisikilizi kingine. Ndiyo sababu wimbo wa dakika 3 ulinichukua dakika 3 na sekunde 36. Hebu tazama wema huo! Chombo gani kingine humzidishia mteja sekunde 36 katika kila wimbo bila kumdai? Mimi, kwa kukosa shukrani, niliomba zipunguzwe.

Dawa yake ni bushi. Shafti inayovuta tepu huvalishwa bushi iliyo nene zaidi ya ile ya asili kwa moja ya tano, na mwendo unarudi mahali pake. Fundi wa kukereza vyuma alinitengenezea ya shaba. Ya kwanza haikuwa duara kamili, ilikosea kwa kiasi ambacho jicho halioni, na mwimbaji akaimba kama amepakiwa kwenye bodaboda barabara ya vumbi. Ya pili ikakubali. Gharama ya bushi hizo mbili sitaitaja hapa, kwa kuwa mke wangu husoma ninayoandika.

Tuje kwenye usafi. Kila baada ya tepu chache unachukua pamba na spiriti, unafuta hedi inayosoma tepu, shafti na gurudumu la mpira, na pamba inatoka na rangi ya kahawia. Hiyo rangi ni kutu. Sitanii: tepu ni utepe wa plastiki uliopakwa unga wa aina ya kutu ya chuma. Mwaka 1928 Mjerumani Fritz Pfleumer, aliyekuwa na ujuzi wa kubandika mstari wa rangi ya dhahabu kwenye karatasi za sigara, alipata hataza ya kubandika unga wa chuma kwenye karatasi ili ushike sauti. Mwaka 1935 mashine ya Magnetophon ikaonyeshwa Berlin. Sisi watu wa pwani tunaishi tukipigana na kutu kwenye mabati, majiko na baiskeli, kumbe ni unga wa ukoo huo huo uliozibeba NUTA Jazz na Mlimani Park kutoka studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam mpaka masikioni mwa baba zetu. Tangu nijue hivyo naliangalia paa langu kwa adabu.

Halafu kuna kuoka. Baadhi ya tepu za miaka ya 1970 na 1980 zina ugonjwa: gundi inayoshika ule unga hunyonya unyevu wa hewa na kuwa ya kunata, na hewa ya Dar es Salaam, tunajuana, ni supu. Tepu ikipita inapiga mluzi, inang'ang'ania hedi, inaacha uji. Inabidi ipashwe joto la nyuzi 54 hivi kwa muda wa saa 8 au zaidi, ndipo ichezeke kwa wiki kadhaa. Oveni yetu ya gesi haijui kuwa pole kiasi hicho. Niliazima boksi la kulelea vifaranga, nikaongeza balbu ya pili na kipimajoto. Watoto walichungulia kutwa nzima wakingoja zianguliwe.

Ya kwanza ilipoiva nikaiweka. Ikatoka sauti nyembamba, ya mtoto wa madrasa, ikihesabu mbio mbio: moja, mbili, tatu. Nikarudi Gerezani. Mzee akavua miwani tena. Marehemu baba wa jirani alirekodi hapa hapa Dar, kwa umeme wetu na bushi ya zamani, kwa hiyo tepu zake zilikwenda polepole toka siku ya kwanza, nami sasa nazikimbiza. Basi nina bushi mbili: iliyotoka Marekani ya kusikilizia tepu za Dar, na iliyokerezwa Dar ya kusikilizia tepu za Marekani. Wenzangu huhama stesheni kwa kidole. Mimi nahama bara kwa bisibisi.

Nikarudisha ya zamani. Sauti ikawa nzito, ya mtu mzima. "Moja, mbili, tatu. Inachukua?" Kimya. "Haichukui hii." Kwa zaidi ya nusu saa analalamika kwamba mashine hairekodi. Anamwita mkewe aje kushuhudia, anamtuma mtoto kwa fundi, jogoo anawika, kijiko kinagonga kikombe. Mwishoni anaipiga kofi, na kofi lenyewe limo, safi, hadi mlio wa pete yake kwenye bati.

Nilimwita jirani aje asikilize. Akasimama mlangoni mpaka tepu ikaisha. "Ndiye," akasema. Nikamwambia akiitaka mashine nitamrudishia kwa bei ile ile, na mkokoteni juu yangu. Akakumbuka kuwa ameacha mgeni nyumbani.