Lijue Jua la Kisumu: Mwongozo wa Molekuli Mgeni

Karibu Kisumu, ewe naitrati ya kikaboni. Kabla hujadandia upepo, soma haya.

1. Kumbuka ulikozaliwa. Upande mmoja ni mvuke wa majani ya miti au wa petroli. Upande wa pili ni oksidi ya naitrojeni kutoka ekzosi ya matatu pale Kondele, au moto wa miwa huko Muhoroni. Mgongoni umempakia abiria, dioksidi ya naitrojeni. Mshike vizuri.

2. Usidanganywe na ubaridi wa alfajiri. Mji huu uko kusini kidogo tu mwa ikweta, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ikifika saa sita, mionzi ya urujuanimno inaweza kukata kifungo kati yenu. Abiria anashuka bila kulipa, nawe unabaki kipande chenye hasira, kinachomrukia yeyote aliye karibu.

3. Jua umbo lako. Ukiwa wa kawaida, utavumilia jua siku kadhaa, hata wiki. Lakini ukiwa na kaboni jirani iliyoshikana na oksijeni kwa vifungo viwili, usipange safari ya mbali: una saa chache.

4. Usikimbilie ziwani. Usiku upepo wa nchi kavu utakusukuma juu ya Ghuba ya Winam, zinakonguruma radi. Ukiwa mwepesi wa kuyeyuka, mvua itakuosha. Ukinusurika, kutakucha uko mahali pasipo hata kivuli cha mwembe. Mchana upepo hugeuka, ukakurudisha Dunga kwa wala samaki.

5. Usimtafute abiria wako. Naye hupasuliwa na jua la mchana katika dakika chache. Atomi ya oksijeni inayomtoka hushikana na oksijeni ya kawaida, ikawa ozoni, gesi inayowasha vifua.

6. Nawe binadamu unayechungulia barua isiyo yako: alasiri, moshi wa asubuhi ukiwa hauonekani, usiseme jua limefagia. Jua ni dalali. Huchukua hiki, likarudisha kile. Tena liko nyumbani, maana inasemekana jina la Kisumu linatokana na neno la Kijaluo la kubadilishana vyakula. Moshi usiotaka kuuvuta jioni, usiuwashe asubuhi.