Ramani Imepakwa Njano: Ufanye Nini Kabla Hujaituma Kwenye Grupu

Kwanza, weka simu chini. Najua kidole kimeshafika kwenye alama ya kusambaza, lakini grupu la ukoo lina watu sitini, na hamsini kati yao wameshaituma. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania haikuichora ramani ile ya tahadhari ili wewe uwe tarishi. Isome.

Tazama rangi. Njano ni angalizo, chungwa ni tahadhari, nyekundu ni tahadhari kubwa. Tazama mkoa na siku. Kisha soma maneno mawili ambayo wengi huyaruka: uwezekano na athari. Jambo laweza kuwa na uwezekano mdogo na bado likija ling'oe mapaa. Kwa hiyo acha ile hoja ya "mwezi jana walisema mvua kubwa, yakaanguka manyunyu." Mlinzi aliyekesha na mwizi asije hakukudanganya.

Mvua kubwa kwa lugha yao ni inayozidi milimita 50 kwa saa 24. Wasiojua hucheka, wakidhani ni maji ya kijiko. Haya, tupige hesabu. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa lako la mita 10 kwa 10 litapokea lita 5,000, yaani tangi zima jeusi, na hilo ni paa lako peke yake. Unganisha mapaa yote kuanzia milima ya Pugu hadi Jangwani, utajua kwa nini mto Msimbazi huingia sebuleni bila hodi.

Sasa inuka. Anza na mfereji ulio mbele ya nyumba: toa chupa na mifuko, na usivisukumie kwa jirani wa bondeni. Vyeti, hati ya kiwanja na kadi ya kliniki ya mtoto vitie kwenye mfuko wa nailoni, uviweke juu ya kabati. Chaji simu. Halafu nenda kwa bibi wa nyumba ya tatu, mwenye kile kitochi kisichopokea picha, umwambie, "Shikamoo bibi, kesho mvua kubwa, leo utalala kwetu." Huko ndiko kusambaza.

Maji yakishafika barabarani, usiyapime kwa miguu. Sentimita 15 za maji yanayokwenda kasi, ambazo hazifiki hata katikati ya muundi, zaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 60 hubeba magari mengi. Bodaboda akikwambia "shikilia, tunapita," shuka. Haoni shimo lililo chini, kama wewe usivyoliona.

Na ukiambiwa utoke, toka, hata kama jua linawaka na bahari imetulia. Tarehe 26 Desemba 2004 tetemeko lilipiga Sumatra karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu. Mawimbi ya tsunami yalifika pwani ya Afrika Mashariki mchana. Habari ilikuwa imeyatangulia. Mombasa polisi waliwaondoa watu ufukweni, na Kenya nzima akafa mtu mmoja. Tanzania walikufa watu wasiopungua 10, wengi wao wakiwa watoto na vijana wa Dar es Salaam. Ilikuwa Jumapili, siku moja baada ya Krismasi, na walikuwa wanaogelea.