Karibu Kanisani, Paybill Iko Ukutani

Mtaa wetu wa Ruiru una makanisa mengi kuliko vibanda vya mboga. Moja liko ndani ya hema, la pili chini ya mabati, la tatu juu ya duka la saruji, na yote yameandika mlangoni: WOTE MNAKARIBISHWA. Haya, jaribu kuingia.

Wahenga walimpa mgeni siku mbili, jembe siku ya tatu. Kanisani jembe unapewa kabla kiti hakijapata joto. "Tuna wageni leo?" Ukijikunyata, mama wa nyuma atakusontea kidole. Utasimama, utaje jina, unakotoka na mwaka uliookoka. Utapigiwa makofi ya kilo, kisha utaletewa fomu ya kuandika nambari ya simu. Ujumbe wa Jumatatu si wa kukujulia hali. Ni harambee ya basi la kanisa.

Halafu kuna lugha. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 hapa Ruiru, na wengi tumekuja kutoka kila pembe ya Kenya kufuata nyumba za kupanga. Mchungaji huanza kwa Kiswahili safi, lakini mahubiri yakikolea anahamia Kikuyu moja kwa moja. Jirani yangu wa kutoka Vihiga hucheka watu wakicheka, kisha ananinong'oneza, "Amesemaje?" Namjibu, "Sadaka." Mara nyingi huwa nimepatia.

Wa kukaribishwa kikweli ni Mheshimiwa. Anafika saa sita kasoro, wazee wanainuliwa kutoka viti vya mbele, anapewa maikrofoni. Septemba 2021 huko Butere, Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, aliwanyima wanasiasa nafasi ya kuhutubia kanisani, siku ileile Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa mwanamke wa kwanza kuongoza dayosisi ya kanisa hilo nchini. Kwetu habari hizo hazijafika, na akina mama bado wanaongoza chai.

Kinachoniudhi zaidi ni mji jirani wa Thika. Huo ndio mji ambamo Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu mwaka 1946, kisha Joytown, shule ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Yaani Wakristo wa hapo walishafundishwa kukaribisha watu, tena na Wakristo wenzao. Lakini nilipompeleka binamu yangu ibadani katikati ya mji, naye anatumia kiti cha magurudumu, kanisa lilikuwa ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Vijana wanne wakambeba na kiti chake, tai zao zimelowa jasho. Kufika juu, mchungaji akamshika kichwa na kumkemea pepo wa kupooza, kwa sauti ya kusikika mpaka stendi ya matatu. Binamu akanivuta shati: "Mwambie aponye ngazi kwanza."

Mimi sidai muujiza. Nataka mlango usio na ngazi, mahubiri ambayo jirani yangu atacheka kwa wakati wake, Mheshimiwa akae alipokuta nafasi, na mgeni aachwe aketi kwa amani. Likipatikana kanisa la hivyo kati ya Ruiru na Thika, fungu la kumi nitalituma kabla hawajaisoma nambari ya Paybill.