Sanduku la Mama

Ilikuwa siku ya nne bila maji. Katika nyumba yetu ya Magomeni kila anayepita jikoni alikuwa akifungua bomba, anasikiliza upepo ukikoroma ndani yake, kisha anafunga. Usiku ule wifi yangu alifungua, akausikia huo upepo, mtoto akalia chumbani, akamkimbilia. Kwenye sinki kulikuwa na vyombo vichafu, na sahani moja ilikuwa imelala juu ya tundu. Maji yakarudi saa tisa usiku.

Nilijua nilipoteremsha mguu kitandani nikakanyaga baridi. Yalikuwa yamepita sebuleni, yameloweka mkeka na magodoro ya watoto, yakaingia chumbani kwetu hadi uvunguni mwa kitanda. Huko ndiko lilikokuwa sanduku la mama.

Ni sanduku la mbao lenye misumari ya shaba, alilopewa siku ya harusi yake. Ndani yake mlikuwa na doti 19 za khanga ambazo hazijawahi kukatwa. Mama alipopewa khanga nzuri hakuivaa. “Hii ina siku yake,” alisema, akaikunja. Siku hiyo haikufika. Alipofariki, mimi nikaishika zamu yake ya ulinzi kwa miaka sita. Kila ulipokaribia mwezi wa Ramadhani nilizitoa, nikazianika kivulini, nikazikunja upya na karafuu kati ya mikunjo, nikafunga. Binti yangu aliniomba moja ya kwendea shughuli ya shule. Nilimnyima.

Tulilifungua sanduku kabla ya adhana ya alfajiri. Khanga nyekundu zilikuwa zimechuja juu ya nyeupe, na samawati imeingia kwenye manjano. Wifi alisimama mlangoni na ndoo mkononi. “Wifi, nisamehe,” alisema. Nikamwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Akarudia, “Nisamehe, wifi yangu.” Sikumjibu. Kwa siku tatu tukaishi nyumba moja tukiagizana chumvi kupitia kwa watoto.

Hapa Dar es Salaam kuna hekalu la Kibuddha, na wakazi wengi hawajui kwamba lipo. Lilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Wasinhala waliotoka Sri Lanka, enzi hizo ikiitwa Ceylon. Mwenzangu wa kazini ndiye aliyenipeleka, wakati presha yangu ilipokuwa haishuki. Mimi ni Mwislamu, nami naenda pale nikiwa Mwislamu. Ninachokifuata ni kile kikao cha kimya: unakaa, unaiangalia pumzi ikiingia na kutoka, akili ikitoroka unairudisha bila kuigombeza.

Jumamosi ya ugomvi ule nilikwenda, lakini akili haikurudi. Nilihesabu pumzi mbili, ya tatu ikanikuta uvunguni mwa kitanda nikimhukumu wifi. Buddhaghosa, mwanazuoni aliyeandika Visuddhimagga mjini Anuradhapura katika karne ya 5, anamfananisha mwenye hasira na mtu anayeokota kaa la moto ili ampige mwenzake. Mkono wake ndio unaoungua kwanza. Katika Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Kibuddha, neno upādāna maana yake ni kung’ang’ania, na neno hilohilo ni kuni za moto. Nilikuwa nayajua yote hayo kwa miezi mingi, na kuyajua hakukulizima kaa langu.

Kilichonigusa siku hiyo ni kisa cha nguo, kilichomo katika vitabu vya kanuni za watawa. Wake wa mfalme Udena wa Kosambi walimpa Ananda, mwanafunzi wa Buddha, majoho 500. Mfalme akashangaa, mtawa mmoja nguo zote hizo za nini? Akamuuliza. Ananda akamjibu kwamba atawagawia watawa ambao majoho yao yamechakaa. Na yale yaliyochakaa? Yatakuwa matandiko. Matandiko yakichakaa? Yatavishwa magodoro, kisha yatatandikwa sakafuni, kisha yatafutiwa miguu, kisha vumbi. Na vitambaa vya vumbi vikiisha? Vitakatwakatwa, vichanganywe na udongo, sakafu isiribwe.

Nilitoka pale nikilia. Kisa hicho ndiyo maisha ya khanga katika kila nyumba niliyolelewa: vazi, mbeleko, shuka ya mtoto, kitambaa cha kushikia sufuria, mwishowe deki. Khanga za mama pekee ndizo zilizozuiwa zisiishi. Muda wote nilidhani kuachilia ni kutupa, na kumtupa mama sikuwa tayari. Ananda hakutupa hata uzi.

Nilipofika nyumbani nilimkuta wifi anakoroga chai. “Wifi,” nilimwambia, “lete mkasi. Na chumvi.” Akaniangalia kwa muda, akaleta.

Tuliziloweka kwenye maji ya chumvi tukiamini rangi iliyobaki itashika, tukazianika ua mzima. Kesho yake tukakaa mkekani. Nilipoikata ile ya kwanza mkono ulitetemeka, na mlio wa mkasi niliusikia kifuani. Sitamdanganya mtu kwamba utulivu unaondoa uchungu. Mimi uchungu ulikuwa pale pale. Tofauti ni kwamba sikuukimbia, na sikutafuta mtu wa kumbebesha. Tulipinda kuanzia asubuhi hadi adhuhuri. Akili ilipokwenda kwa mama niliirudisha kwenye ncha ya sindano, na saa hizo mbili tatu zilikuwa tulivu kuliko kikao chochote nilichowahi kukaa.

Doti tano zilikuwa salama. Moja nilimpa binti yangu, na nikamwomba radhi kwa kumnyima. Nyingine nilimpelekea mama mdogo, mdogo wake marehemu. Aliinusa karafuu, akanyamaza, akajifunga palepale juu ya gauni lake. Zilizochuja kidogo zimekuwa foronya na mapazia ya jikoni, na mbili zilikwenda kwa jirani aliyejifungua, awe na mbeleko. Tatu zilikuwa zimekaa chini kabisa, zikaota ukungu siku zile tulizokuwa hatusemezani. Hizo tumezifanya vitambaa vya deki.

Ipo moja iliyokuwa nyeupe, nyekundu ikaichujia ikawa waridi isiyo na mpango. Kipande kimoja cha doti hiyo nimejifunga mimi leo. Cha pili amejifunga wifi.