Sifa za Kompyuta Inayojizima Ovyo

Kompyuta ya kuunga mwenyewe, ile ambayo madabodi ilinunuliwa huku, RAM kule na pawa saplai kwa mtu wa tatu, ina tabia moja ambayo haijapata kutungiwa hata ubeti mmoja wa sifa: kujizima ghafla bila sababu inayoonekana. Leo inachapa kazi tangu asubuhi hadi usiku, kesho inazimika ikiwa imefunguliwa ukurasa mtupu. Skrini hugeuka buluu (tangu 2025 Microsoft imeanza kuifanya nyeusi, kana kwamba kosa lilikuwa la rangi), au mashine hukata tu na feni zikanyamaza. Kila mtu huilaani. Mimi naona imeonewa, na atakayedhani naivika kilemba cha ukoka avumilie hoja moja tu: kati ya yote inayoyafanya kompyuta hiyo, kuzimika ndilo tendo lake la kiaminifu kuliko mengine.

Kiini cha Windows kinapokutana na jambo lisilowezekana, tuseme anwani ya kumbukumbu inayoelekeza pasipo na kitu, kina njia mbili. Kinaweza kuendelea na kuiandikia diski chochote kilichopo, kizima na kibovu, au kinaweza kusimamisha kila kitu. Kinachagua kusimama. Ni mhasibu aliyeona vitabu havilingani akafunga kasha papo hapo, wateja wakiwa bado kwenye foleni, badala ya kuendelea kulipa akitumaini kwamba jioni hesabu zitapatana zenyewe. Foleni itamtukana, lakini tajiri wake ana kila sababu ya kumpandisha mshahara. Hata kule kukata ghafla pasipo skrini ya buluu mara nyingi kuna hukumu ndani yake. Prosesa iliyopata joto kupita kiasi hujizima kabla haijaungua, na pawa saplai nzuri hukata ikihisi umeme unavutwa kupita kiasi.

Sasa tuitazame mashine iliyokosa adabu hiyo. Katika uchaguzi wa mwaka 2003 huko Schaerbeek, Ubelgiji, kompyuta ya kura ilimwongezea mgombea mmoja kura 4,096 na ikaendelea na kazi bila aibu. Idadi hiyo ni mbili iliyozidishwa kwa yenyewe hadi zikafika mbili 12, yaani biti moja tu iligeuka kutoka sifuri kuwa moja. Chanzo hakikuthibitishwa, kilichoshukiwa ni chembe za mnururisho kutoka anga za juu. Kosa liligunduliwa kwa sababu mgombea alikuwa na kura nyingi kuliko ilivyowezekana. Ingegeuka biti ndogo zaidi, akaongezewa kura 16, nani angeuliza? Wala si kisa cha ajabu sana. Utafiti uliofanywa kwenye seva za Google na kutolewa mwaka 2009 ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 8 ya vipande vya RAM vilipata angalau kosa moja kwa mwaka. Seva hizo zilikuwa na RAM ya ECC, inayogundua makosa na kuyahesabu. Kompyuta ya nyumbani kwa kawaida haina. Biti yake ikigeuka huweza kuangukia picha ya harusi au safu ya mishahara, na hakuna atakayejua. Heri iangukie mahali pa kuizima mashine.

Mpinzani atauliza: kama ni mwaminifu hivyo, mbona hasemi anaumwa wapi? Kweli, daftari la matukio la Windows huandika Kernel-Power 41, maana yake kompyuta haikuzimwa kwa utaratibu, taarifa isiyomwongezea mwenyewe chochote. Lakini tusichanganye kuzimika na maandishi yanayokuja pamoja nako. Prosesa za Intel za kizazi cha 13 na cha 14 zilipoanza kuwatesa wacheza gemu, ujumbe uliotokea mara nyingi ulidai kwamba kumbukumbu ya kadi ya grafiki imekwisha, na watu wakahangaika na kadi zisizo na hatia. Kumbe prosesa ndiyo iliyokuwa ikikosea hesabu wakati wa kufungua data iliyobanwa. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba prosesa hizo zilikuwa zikipewa volti kubwa mno na kuchakaa, ikaongeza miaka miwili ya waranti. Maandishi yalidanganya, kuzimika kulisema kweli tangu siku ya kwanza.

Na huko kuzimika bila ratiba, kunakochukiwa zaidi, kunamtoza mtu nidhamu ambayo hitilafu ya kila saa isingemtoza. Fundi anapiga Windows upya, mashine inatulia siku tatu, analipwa, anasifiwa. Lakini kama ilikuwa ikizimika kwa wastani mara moja kila siku 3, basi hata asingegusa kitu palikuwa na uwezekano wa takriban asilimia 37 wa kupita siku tatu kimya. Ili uwezekano huo ushuke hadi asilimia 5 ni lazima kungoja siku 9, na hapo ni kwa badiliko moja tu. Aliyebadilisha RAM, waya na mipangilio ya BIOS kwa mkupuo amepona bila kujua dawa ni ipi, kama kweli amepona.

Kazi inayopotea? Inapotea, sibishi. Ila hapo mashine husingiziwa mengi ya laini ya umeme. Umeme wetu wa hezi 50 humaliza mzunguko mmoja kwa milisekunde 20, na pawa saplai ya kawaida ikiwa na mzigo kamili hubeba kompyuta kwa takriban milisekunde 16 tu. Mkatiko ambao taa haijauonyesha vizuri unatosha kuizima, na dawa yake ni UPS.

Limebaki pingamizi la wenye fedha: si mnunue ECC? Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliilaumu Intel Januari 2021 kwa kuifanya RAM hiyo iwe adimu kwa mtumiaji wa kawaida. Oktoba 2022 kipande cha RAM isiyo ya ECC kiliharibika ndani ya kompyuta yake mwenyewe, katikati ya kupokea mabadiliko ya toleo jipya, akalazimika kuendelea kwa laptopu. DDR5 ya kawaida nayo hujisahihisha ndani ya chipu, lakini haimwambii mtu, na njiani kuelekea kwenye prosesa hailindi kitu. Kwa mwenye mashine ya bei ya kawaida, basi, kuzimika ndiyo taarifa pekee anayoletewa. Huletewa bure, kwa kawaida muda mfupi kabla hajabonyeza kitufe cha kuhifadhi.