Fuso Imeshiba, Ongeza Kidogo

Msimu wa mavuno Ubaruku, kila mtu ni mhandisi wa Fuso. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya kudhibiti uzito wa magari inaipa gari ya ekseli mbili tani 18: 8 mbele, 10 nyuma penye tairi nne. Wajuzi wetu husikia "tani 18" wakaanza kupakia. Kumbe gari nayo inajihesabu: chasi, bodi, dizeli, dereva, na wale vijana waliojilaza juu ya turubai. Tuseme tupu ina tani 7. Zinabaki 11, yaani magunia 110 ya kilo 100.

Lakini gunia letu huvaa kilemba. Lumbesa ya kilo 130, mara 110, ni tani 14.3. Karani anaapa, "Magunia ni 110 tu, bosi," na hajadanganya. Bahati mbaya mizani ya Makambako haihesabu magunia. Hapo ndipo tajiri aliyemlalia mkulima kilo 30 za bure kila gunia huzilipia faini, kisha akalalamika kwamba serikali haiwapendi wafanyabiashara.